Posa ya Kikabaila Nyumbani kwa Mzee Vaclav

Jumapili moja, mwanangu, nilipanda treni nikiwa nimevaa koti la mtu mwingine, na mpaka leo nikilikumbuka koti lile mabega yananiwasha. Lilikuwa la Kombo, rafiki yangu wa Pemba aliyekuwa akisomea udaktari. Kombo alikuwa mfupi, na mimi unaniona nilivyo. Mikono ilinitokeza nje nusu nzima, lakini nilijiona bwana harusi kamili. Tulikuwa tunakwenda kuposa. Tunakwenda kumposa bibi yako Alena, nyumbani kwa baba yake, katika kijiji kimoja si mbali na Praha, siku hizo nchi ile ikiitwa Chekoslovakia.

Hebu weka hiyo pasi kwanza, Zawadi. Vitambaa vya meza havina miguu, havitakimbia. Suti ya Jumamosi nimeshaijaribu, inanibana tumbo, nitavuta pumzi mpaka wageni waondoke. Kaa hapo, mimina chai, na hiyo simu ilaze kifudifudi. Nina neno na wewe, na mtu wa umri wangu akianza neno hajui mwenyewe litaishia wapi.

Jumamosi hii watu wa Kevin wanatoka Agincourt, ule upande wa pili wa Toronto, kuja hapa kwetu Etobicoke kukuposa. Mama yako ameshakodi ule ukumbi wa chini wa jengo letu, shangazi zako wameshagawana nani analeta pilau na nani analeta sambusa, na mimi ndiye nitakayekaa mbele kuwapokea washenga kwa maneno mazuri. Kevin ni kijana mzuri, sina shaka naye. Wazazi wake ni Wagoa wa Mombasa, na Kiswahili cha mama yake kinaniacha hoi mimi mtu wa Lushoto. Yeye na mama yako wamekuwa marafiki wa kufa na kuzikana, simu zao haziishi. Kila mtu ana furaha. Ila jana nilikuuliza, "Mjukuu wangu, na wewe je, una furaha?" Ukaendelea kusuuza vikombe, ukanijibu bila kugeuka, "It's fine, Babu. Whatever you guys decide."

Jibu hilo, kwamba lolote tutakaloamua ni sawa tu, limeninyima raha tangu jana. Bibi yako nusura nimkose maishani kwa sababu nilipita mlango wa watu wote isipokuwa wake. Naona kama mambo yale yale yanataka kujirudia, safari hii kwako, na mimi nimekaa kwenye kiti cha mbele nikipiga makofi. Ndiyo maana nataka twende wote kwenye treni ile.

Serikali ilinipeleka kule kusomea misitu. Likizo ya kiangazi wanafunzi tulipewa vibarua, na changu kikawa katika kasri moja la zamani lililokuwa limegeuzwa makumbusho. Kupiga sakafu nta, kuhamisha viti, kufuta vumbi kwenye fremu za picha. Mtunzaji wake alikuwa mama mtu mzima, Ludmila, msomi wa historia, mwenye sauti ambayo hata akikusifu unahisi umekaripiwa. Aliwatembeza wageni chumba kwa chumba akiwaeleza jinsi makabaila wa nchi ile, miaka mia nne nyuma huko, walivyotafutiana wake na waume. Alirudia maelezo hayo kila siku, na mimi nyuma yake na fagio langu nikayajua kwa moyo.

Basi kijana wa ukoo mkubwa hakuamka tu asubuhi akasema, namtaka fulani. Thubutu! Wazazi walikaa, wajomba wakaitwa, na marafiki wa ukoo wakaitwa vilevile, maana jambo lenyewe lilikuwa la ukoo mzima. Wakaanza kuuliza. Huyo binti ni wa daraja letu? Kule mabwana wakubwa walikuwa na daraja lao, na mabwana wadogo, wale wa farasi mmoja na upanga, walikuwa na lao, na kushuka daraja ilikuwa aibu. Ni wa dhehebu letu? Nchi ile ilikuwa imegawanyika kwa mambo ya imani, Wakatoliki huku na waliojitenga nao kule. Ardhi ya baba yake inapakana na yetu? Mama yake watoto wake walipona? Kwao kuna mwenye wazimu, mlevi, mgomvi?

Na binti mwenyewe akishaanza kukua, alipelekwa kuishi katika nyumba ya bibi mkubwa wa ukoo mwingine, akajifunze kushona, kuongea, kukaa na watu. Wao walisema anakwenda kufunzwa. Ni kweli alifunzwa, lakini huko ndiko alikokuwa akitazamwa pia, na kila mgeni aliyepita aliondoka na habari zake. Harusi ya mmoja ilikuwa mahali pa kumtafutia mwingine. Watu wakicheza, wazee pembeni wanapima. Kama mtu yuko mbali, walitumiana picha za kuchorwa. Hapo Ludmila alikuwa akisema, "Na mchoraji naye alitaka kula, kwa hiyo pua zote zilifupishwa." Wageni wakacheka kila siku, na mimi nikacheka nao kila siku.

Mwishowe wakatumwa washenga. Watu wazima, wenye maneno laini, na anayeoa mwenyewe angeweza hata asiwepo. Wakikubaliwa, mikataba ikaandikwa ikapigwa mihuri. Wakikataliwa, hawakuambiwa hapana. Waliambiwa binti bado mdogo, au mjomba mmoja hajarudi safari, ili watu waendelee kusalimiana.

Mama yangu! Mimi na fagio langu nikabaki mdomo wazi. Hii si Lushoto hii? Baba yangu alipotaka kuoa, wajomba zake walikaa wakichambua ukoo wa mama mpaka kwa watu waliokwisha kufa. Wale wana kifafa? Wana uvivu wa shamba? Kuna aliyewahi kumpiga mkewe? Wakatumwa wazee wawili wanaojua kuzungusha maneno, na baba mwenyewe akabaki nyumbani anachonga mpini wa jembe usiohitajika. Nikasema, kumbe hawa Wazungu ni watu kama sisi! Wamejificha tu.

Umeona kosa liko wapi? Unacheka, basi umeliona. Hakuna aliyenishika mkono akaniambia, Elia, ndugu yangu, hao watu wako makaburini siku nyingi, na kasri lao unalipiga nta wewe. Mimi nikaamini kwamba Mcheki yeyote mwenye heshima zake, ukitaka binti yake, sharti uende kikabaila hivyo.

Na binti nilikuwa naye. Alena alikuwa muuguzi katika hospitali alikokuwa akijifunzia Kombo. Mwaka mzima tulikuwa tunatembea pamoja, tunakula viazi vya kukaanga kwenye karatasi, ananifundisha kuteleza juu ya barafu na mimi naanguka na kumwangusha. Nilimpenda, mwanangu. Nilimpenda mpaka nikawa nasoma majina ya miti naona jina lake. Ndiyo maana niliogopa. Nilisema, huyu siwezi kumwendea ovyo ovyo, watu wake wakaniona sina adabu. Nikampanga Kombo awe mshenga, na Kombo kwa kupenda sifa hakuwa na mpinzani, akakubali kabla sijamaliza kusema.

Tukashuka kwenye kituo kidogo. Mzee Vaclav, baba yake Alena, alikuwa mtu wa reli. Kazi yake kushusha na kuinua kizuizi pale reli inapokatiza barabara. Nyumba yake ilikuwa hapo hapo, na nyuma yake mizinga ya nyuki aliyoipaka rangi rangi. Akatukaribisha sebuleni, akatupa mkono, akatazama mikono ya koti langu. Mama mkwe nikampa maua. Alena alichungulia kutoka jikoni, mikono ina unga, akatabasamu, akarudi ndani. Mimi nikasema moyoni, safi kabisa, binti hatakiwi kuwepo.

Kombo akasimama. Akakohoa. Sasa Kicheki cha Kombo kilikuwa cha wodini. Alijua maini na figo kuliko maneno ya heshima. Akaanza, "Sisi marafiki wa ukoo wa Elia tumekuja katika nyumba yenu tukufu. Ukoo wa Elia hauna doa. Hauna kifafa, hauna kisukari, figo zao ni nzima." Mama mkwe akashika mdomo kwa aproni. Kombo hakutetereka. "Tunaomba kujua daraja la ukoo wenu, na dhehebu lenu, na ardhi yenu inapakana na nani."

Mzee Vaclav akageuka akatazama dirishani, kwa dhati kabisa, kama mtu aliyeulizwa jambo la maana. "Inapakana na reli," akasema.

Nilitamani sakafu ipasuke. Lakini Kombo aliendelea mpaka mwisho, akamwaga sifa, akaomba mkono wa binti, akakaa, akafuta jasho. Yule mzee hakucheka, Mungu amrehemu. Aliona vijana wawili wa kutoka mbali wamejikaza kumpa heshima ambayo katika maisha yake ya kushusha na kuinua kizuizi hakuna mtu aliyewahi kumpa, na machozi yakamlengalenga. Akaita, "Alena! Njoo." Bibi yako akaja, unga mpaka kwenye viwiko. Baba yake akamwambia, "Hawa vijana wanakutaka. Unasemaje?"

Alena akanitazama mimi. Hakumtazama baba yake wala Kombo.

"Hapana," akasema, akarudi jikoni.

Zawadi, usinione nacheka sasa. Siku ile damu yote iliniishia. Kombo akanikanyaga mguu chini ya meza, sijui alitaka kunifariji au alitaka tukimbie. Mzee Vaclav akainuka polepole, akachukua kofia yake. "Mimi nakwenda kuona nyuki," akasema, akamshika mkewe mkono, akamvuta na Kombo kwa bega, wakatoka wote watatu. Nikabaki peke yangu na maua na koti la watu.

Alena akatoka jikoni. Alikuwa na hasira, na hasira yake unaijua, mama yako ameirithi.

"Umemuuliza baba," akaniambia. "Umemuuliza mama kwa maua. Kombo ameuliza hata mpaka wa shamba. Mimi nilikuwa wapi?"

"Jikoni," nikasema.

"Hatua ngapi?"

Nikamweleza habari za kasri, za Ludmila, za makabaila na washenga, nikamwambia nilidhani ndiyo heshima yenu. Akanitumbulia macho, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini sakafuni. "Sisi? Babu yangu alimpata bibi yangu kwenye dansi ya wazima moto!" Halafu kicheko kikakatika. Akasema kwa sauti ndogo, "Lakini usifanye mchezo na mimi, Elia. Ulipoingia na koti hilo nilijua umekuja kwa nini, na roho yangu iliruka. Nikakungoja uje jikoni. Nikakanda unga mpaka ukawa mgumu. Hukuja."

Maneno yale yaliniuma, mwanangu, kwa sababu yalikuwa ya upole. Nikamuuliza nifanye nini. Akasema, "Niulize. Ukishauliza, nyamaza."

Nikamuuliza. Sikuuliza vizuri, Kicheki kilinitoka chote, nadhani nusu niliuliza kwa Kisambaa. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimesikia. Sasa nenda kapande treni, jibu litakuja likiwa tayari." Basi! Hakuna busu, hakuna chochote. Mzee Vaclav akatusindikiza mpaka kituoni, akanitia chupa ya asali mfukoni mwa koti la Kombo. Nikaanza kumwomba radhi, akanikatiza. "Mimi sijui kilichosemwa mle ndani," akasema. "Mimi nilikwenda kuona nyuki."

Nikarudi kwenye fagio langu nimenywea. Ludmila akaniona, akanidai maelezo, nikamsimulia yote. Nilidhani atacheka. Akanishika mkono akanivuta mpaka chumba cha mwisho, mbele ya picha ya binti wa gauni jeusi na kola kubwa nyeupe. Kumbe kila siku alikuwa akimalizia maelezo yake hapo, na kila siku mimi nilikuwa nimeshapita na fagio kwenda kunywa chai. Nilikuwa nimesikia sehemu ya washenga tu.

"Huyu naye aliulizwa," akaniambia. "Kasisi alimuuliza altareni, je, ni kwa hiari yako? Kanisa lilidai hivyo. Lakini wakati huo ng'ombe wameshachinjwa, mihuri imeshapigwa, wageni wametoka mbali wameshalewa, baba yake amesimama nyuma yake. Wewe ungekuwa yeye ungejibu nini?" Nikaitazama ile kola nyeupe. "Wale watu hawakuwa wajinga, Elia," akasema. "Waliuliza mambo mengi ya maana ambayo vijana wa leo mnasahau. Kosa lao ni kwamba yeye walimweka mwisho. Na wewe kijana, katika yote niliyosema, ukaenda ukaokota hilo."

Nimekaripiwa na watu wengi maishani. Huyo mama ndiye ninayemshukuru zaidi.

Siku zikapita. Alena hakuniepuka, alinisalimia vizuri tu, ila jibu hakutoa, na mimi nilikuwa nimeagizwa ninyamaze. Chakula hakipiti. Kombo ananiuliza kila asubuhi, "Vipi, kabaila?" Ndipo jioni moja ya mvua, kwenye kituo cha tramu, zile treni za barabarani, viatu vimelowa, Alena akaniambia, "Nina maswali." Akauliza. Tukienda kwenu, nitarudi kumwona mama? Nikikasirika huwa siongei kutwa nzima, utaweza? Watu wa kwenu wakinikataa, utasimama wapi? Watoto watalia kwa lugha gani? Mengine nilijibu. Mengine nikasema sijui. Akasema, "Afadhali umesema hujui." Tramu ikaja, ikaondoka, hatukupanda. Kisha akasema ndiyo. Akaniambia, "Kumbuka, Elia, mimi ndiye niliyesema."

Nimeishi na ndiyo ile miaka yote, mwanangu. Kule Lushoto, bibi yako alipougua malaria ya kwanza na kulia akimtaka mama yake, nilimwambia nitamrudisha kwao. Akasema, "Hakuna aliyenileta. Nilijibu mwenyewe." Tulipokuja huku Toronto uzeeni kumfuata mama yako, barafu ikamwangusha akavunjika nyonga, nikamwambia pole kwa mambo yote niliyomwingiza. Akanijibu hivyo hivyo. Na pale hospitalini, siku zake za mwisho, wewe ulikuwa umekwenda kumchukulia maji, akanishika kidole, akasema, "Elia. Niulize tena." Nikamuuliza. Safari hii niliuliza vizuri. Akasema ndiyo, akafumba macho kupumzika, na uso wake ulikuwa uso wa yule msichana wa unga.

Ngoja nifute miwani. Chai yako imepoa, ongeza ya moto.

Sasa unalia nini, mchumba wangu? Mimi ndiye mjane hapa. Haya, sema. Sema polepole.

"Nampenda, Babu. Lakini hakuna aliyeniuliza."

Loo. Na umelisema kwa Kiswahili, wewe ambaye nakuita kwa Kiswahili tangu hujaota meno na unaniitikia kwa Kiingereza. Basi limetoka mbali hilo neno. Njoo hapa.

Nisikilize. Mwezi uliopita Kevin alikuja hapa peke yake, na boksi la vitumbua vya mama yake. Akaniamkia shikamoo vizuri kabisa. Akaniambia amesoma habari za mila zetu, ameuliza watu, anataka kufanya jambo hili kwa heshima, hataki kukuvunjia adabu mbele ya wazee. Akaomba ruhusa yangu. Nikaona fahari mpaka nikampa baraka papo hapo, nikala vitumbua vyote. Akatoka kwangu akaenda kwa baba yako, akatoka huko akamwambia mama yake, mama yake akampigia mama yako, na mambo yakashika kasi kiasi kwamba ukumbi ulikodiwa kabla mtu hajapita jikoni. Hakukudharau, Zawadi. Amevaa koti la Kombo tu, maskini. Na mimi niliyelivaa kabla yake, nilimwona, nikamwambia linampendeza.

Basi nasaha yangu ni hii, na uishike hata nikiwa sipo. Usiwadharau wazee wanaouliza. Shangazi zako wakichunguza dhehebu, tabia, afya, jinsi mtu anavyoongea na mama yake, waache wachunguze. Macho yao yanaona ambayo yako hayaoni kwa sasa, kwa sababu yako yamejaa mtu mmoja. Uliza na wewe. Muulize mkiwa wawili mambo magumu, ya fedha, ya imani, ya watoto, ya nani atalea wazee, na akisema hajui, usiogope. Muogope asiyekosa jibu. Lakini wakishamaliza wote kusema, jibu ni lako peke yako, na litolewe kabla pilau haijapakuliwa, mahali ambapo unaweza kusema hapana na bado ukala chakula chako kwa amani. Ile ndiyo ya mtu aliyebanwa huchosha nyumba nzima baadaye. Ya kwako mwenyewe utaiegemea siku ambayo huna kingine cha kuegemea.

Na kama jibu lako ni hapana, mwanangu, hiyo Jumamosi niachie mimi. Nitavaa ile suti inayonibana, nitashuka ukumbini, nitawaambia watu wa Agincourt kwamba binti yetu bado mdogo na mjomba mmoja hajarudi safari. Watakula, watakwenda, tutaendelea kusalimiana. Mama yako atanuna. Nimemlea mimi, nitamvumilia. Na kama ni kusubiri, watasubiri. Mimi nilisubiri na viatu vimelowa, sikufa.

Mungu akupe mtu wa kukusikia hata ukiwa umenyamaza. Akupe nyumba yenye kicheko cha kukaa sakafuni. Hasira zenu zisilale zaidi ya kutwa moja. Wazee wako wa Lushoto na wazee wako wa pale kwenye reli wakusimamie pande zote mbili, na siku ya uzee wako apatikane wa kukuuliza tena, na wewe uwe na nguvu ya kujibu. Sema amina.

Umesikia kengele ya mlango wa chini? Bonyeza ufungue. Ni Kevin, nimemwita mimi, tangu asubuhi. Nimemwambia aje na nguo zake za kila siku, na asinisalimie mimi kwanza. Futa uso. Au usifute, akukute hivyo hivyo.

Nipe kofia yangu, ile ya sufu. Mimi natoka hapo roshani, na mlango nitaufunga. Nakwenda kuona nyuki. Najua, mwanangu, najua hakuna nyuki ghorofa ya kumi na moja. Nitawatafuta taratibu.